Viputo vya Hewa katika Sindano ya Paka Mwenye Kisukari

Katika mambo yanayomtia wasiwasi mtu aliyeambiwa na daktari wa wanyama kwamba paka wake amepatwa na kisukari, na kwamba tangu siku hiyo hana budi kumdunga insulini asubuhi na jioni, pana moja ambalo kwa umbo ni dogo mno, lakini humkalia moyoni kuliko hata maradhi yenyewe, nalo ni kile kiputo cha hewa kinachong'ang'ania ukutani mwa bomba la sindano na kukataa kutoka. Mawazo humkimbilia mara moja kwenye habari za watu waliokufa kwa hewa iliyoingizwa mishipani, mkono ukasita, paka akaponyoka na kujificha uvunguni, na saa ya dawa ikapita. Hofu hii haifai kuchekwa, kwa kuwa chimbuko lake ni huruma. Ila imeelekezwa mahali pasipo pake, na kwa sababu hiyo humfanya mtu alinde mlango usio na mwizi, ule wenye mwizi akauacha wazi.

Hewa huua inapoingia ndani ya mshipa wa damu kwa wingi, ikafika moyoni na kuuzuia usisukume damu, na wingi huo, kwa makadirio ya matabibu, ni mililita kadhaa kwa kila kilo ya mwili. Bomba litumikalo kwa paka aghalabu huchukua mililita 0.3 tu, hata likajazwa hewa tupu toka mwanzo hadi mwisho halifikii kiasi hicho wala halikikaribii. Na fauka ya hayo, insulini ya nyumbani haidungwi mshipani, bali chini ya ngozi, katika ile nafasi laini unayoipata ukimvuta paka ngozi ya ubavuni kwa vidole viwili. Hewa ikiingia hapo hukaa kitambo, kisha mwili ukainyonya ikatoweka bila madhara. Upande wa sumu, basi, maneno yamekwisha.

Walakini kiputo kisichokuwa sumu si kiputo kisicho na neno. Mahali kilipokaa ndipo palipopasa kukaa dawa, na bomba halina maarifa ya kubagua baina ya hivyo viwili: mistari yake hupima nafasi, haipimi insulini. Mtu anayeona kisukumio kimesimama kwenye mstari wa yuniti moja hudhani ameshika yuniti moja, ilhali alichoshika ni yuniti moja kasoro hewa. Swali la haki, kwa hiyo, ni kasoro hiyo kiasi gani, na hapo ndipo paka anapotengana kabisa na binadamu, ingawa wote wawili huenda wakatumia dawa moja na bomba moja.

Tufanye hesabu, maana bila hesabu maneno yote ya jambo hili ni dhana. Nguvu ya insulini huandikwa juu ya kichupa kwa idadi ya yuniti zilizomo katika mililita moja. Ile ya 100, ambayo ndiyo ya binadamu katika nchi nyingi, humpa mtu yuniti moja katika sehemu moja ya mia ya mililita, kiasi kama moja ya tano ya tone la maji. Ile ya 40, ambayo baadhi ya watengenezaji wa dawa za wanyama wameendelea nayo, humpa yuniti moja katika nafasi iliyo kubwa mara mbili na nusu. Sasa chukua kiputo cha mviringo chenye upana wa milimita 1, mfano wa punje ndogo ya ulezi: ndani yake mna nafasi ya karibu nusu ya sehemu ya elfu ya mililita, na katika insulini ya 100 hiyo ni yuniti 0.05. Chukua cha pili chenye upana wa milimita 2, ambacho kwa jicho hakionekani kuwa kimezidi sana. Kwa kuwa ujazo hukua kwa mchemraba wa upana, hicho cha pili hakikumzidi mwenzake mara mbili, bali mara nane, na kimekula yuniti 0.42.

Mtu mzima anayejidunga yuniti 40 akipotewa na 0.42 amepoteza sehemu moja katika mia, na mwili wake hautajua. Paka wa kilo 4 au 5, ambaye aghalabu huanzishiwa yuniti moja kila baada ya saa 12, akipotewa na hiyo 0.42 amenyimwa zaidi ya thuluthi ya dawa yake, na mwili wake utajua kabla jua halijatua. Muuza mkaa husamehewa gramu ambazo sonara hasamehewi, na mwenye paka, atake asitake, yumo katika mizani ya sonara. Kiputo hicho hicho cha milimita 2 kikiwa katika insulini ya 40, ndani ya bomba lake lipasalo, hasara yake hushuka hadi yuniti 0.17, kwa sababu dawa iliyo nyepesi huenea katika nafasi kubwa zaidi. Na huu ni ubora wa insulini ya 40 ambao wengi hawautaji.

Ama viputo hivyo hutoka wapi? Watu husema "hewa imeingia" kana kwamba imeingia kwa njia moja, ilhali njia zake ni nyingi, na tiba ya kila moja ni yake.

Njia iliyo wazi kuliko zote ni ncha ya sindano kukaa juu ya maji ya dawa badala ya kuwa ndani yake. Kichupa kinapopinduliwa, kifuniko cha mpira kikawa chini, sindano iliyozamishwa mno huchomoza juu ya kina cha dawa, hasa kichupa kinapokaribia kwisha, ikawa inavuta hewa iliyomo humo. Na tiba yake ni kuirudisha chini hadi ncha ionekane imezama, si kuvuta kwa nguvu zaidi. Njia ya pili ni haraka. Kisukumio kikivutwa kwa pupa, dawa haiwahi kupita katika tundu la sindano lililo jembamba kama unywele, na ule utupu unaozuka ndani ya bomba huifukuza hewa iliyoyeyuka ndani ya maji itoke kwa viputo vidogo vidogo. Ya tatu ni baridi: insulini hutunzwa katika jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na maji ya baridi huhifadhi hewa nyingi kuliko ya vuguvugu, kwa hiyo bomba likishikwa kwa muda mrefu katika vidole vyenye joto, hewa iliyokuwa imetulia hujitenga na kudhihiri kama umande kiooni. Yule anayevuta dawa kwanza, kisha akaenda kumtafuta paka, akarudi akakuta viputo ambavyo angeapa kwamba havikuwapo, hakukosea kuona. Vimezaliwa mkononi mwake.

Ya nne ni utupu ndani ya kichupa chenyewe, na hapa pana mafundisho yanayohitaji kupimwa. Wauguzi hufundishwa, kwa haki, kwamba kabla ya kuvuta yuniti 30 mtu aingize hewa ya yuniti 30 kichupani, ili dawa isibaki ikivutwa na utupu ulioachwa. Kwa mwenye paka kanuni hiyo ni sahihi katika asili na ndogo katika matumizi: kichupa cha mililita 10 kikitolewa yuniti mbili kwa siku hupungukiwa na mililita 0.6 tu kwa mwezi mzima, na utupu wa kiasi hicho hausumbui. Ni bora aingize hewa kidogo mara chache, kila anapohisi kisukumio kinavutwa kurudi ndani, kuliko kutoboa na kupuliza kila siku. Lakini kwa anayevuta dawa kutoka katika kile kibomba cha kalamu ya insulini chenye mililita 3, asiingize hewa kabisa, maana kibomba hicho hakikuachiwa nafasi ya hewa. Kina mpira nyuma ambao hutembea mbele kadiri dawa inavyopungua, na hewa itakayotiwa humo itabaki humo, ikamsumbua mpaka tone la mwisho.

Ya mwisho ni povu. Ziko insulini zilizo safi kama maji, mathalan glargine, ambazo hazihitaji kuchanganywa. Na ziko nyeupe kama maziwa, ambazo chembe zake hutuama na hazina budi kuchanganywa ili kila dozi iwe sawa na nyingine. Kwa nyingi za aina hii mtu huambiwa akiviringishe kichupa viganjani taratibu, ila iko insulini ya nguruwe yenye zinki, itengenezwayo kwa ajili ya mbwa na paka, ambayo maagizo yake huko Marekani yanamtaka mtu aitikise mpaka iwe nyeupe sawasawa, kisha asubiri povu lishuke kabla ya kuvuta. Tofauti hii imewafitinisha wengi, kila mmoja akidai mwenziwe anaharibu dawa, ilhali kila mmoja ana haki kwa kichupa chake. Insulini ni protini, na pale maji yanapokutana na hewa protini hiyo hulegea umbo lake, chembe zikashikamana na kupoteza nguvu. Ndiyo maana insulini safi haitikiswi, na ndiyo maana mtu asome karatasi iliyomo katika sanduku lake yeye, asifuate ya jirani.

Tukija katika kuviondoa, maumbile yenyewe yametuonea huruma kwa namna moja. Nguvu inayokipandisha kiputo juu hutokana na ukubwa wake wa ujazo, na nguvu inayokishikilia ukutani hutokana na ule ukingo wake unaogusa plastiki. Kwa hiyo kadiri kinavyokuwa kidogo ndivyo kinavyong'ang'ania zaidi, na kadiri kinavyokuwa kidogo ndivyo hasara yake inavyokaribia kuwa si kitu. Vinavyotaabisha kutoka ni vile ambavyo haja ya kuvitoa ni chache. Mtu akiisha kuona kwamba kilichobaki ni kama ncha ya kalamu, amsogelee paka wake.

Vilivyo vikubwa kuliko hivyo vina njia. Simamisha bomba, ncha ikiwa juu, uligonge kwa ukucha ubavuni mara mbili tatu ili kiputo kiachie ukuta na kupanda, kisha ukisukume nje. Ikiwa vimetawanyika vingi kama vumbi, usivifukuze kimoja kimoja. Vuta kisukumio nyuma uingize hewa kwa makusudi, ili kiputo kikubwa kimoja kipite toka juu hadi chini kikivimeza vile vidogo vilivyo njiani, halafu ukisukume chote nje. Kazi yote hii iwe ya kuvuta polepole na kusukuma kwa haraka kidogo. Wengi hufanya kinyume.

Hapa watu wamegawanyika makundi mawili. Wa kwanza huvuta yuniti tano, wakazirudisha kichupani, wakavuta tena, mpaka bomba liwe safi, kisha wakasimama kwenye mstari. Wa pili huvuta yuniti mbili zaidi ya haja, wakaichomoa sindano, wakaondoa hewa nje pamoja na ziada, wala hawarudishi kitu. Kundi la kwanza hutetea uwekevu, na insulini ni ghali, sina neno juu ya hilo. Lakini mabomba ya plastiki ya kutumiwa mara moja hupakwa mafuta ya silikoni ndani ili kisukumio kiteleze, na mafuta hayo yamewahi kuonekana kuitia insulini ukungu. Kila dawa inapokwenda na kurudi hubeba kidogo, pamoja na hewa. Na huo uwekevu wenyewe tuutie katika hesabu. Paka anayepata yuniti moja mara mbili kwa siku hutumia yuniti 56 katika siku 28, na siku 28 ndizo watengenezaji wa glargine wanazoruhusu baada ya kichupa kufunguliwa. Akimwagiwa yuniti mbili katika kila sindano, jumla ya matumizi na ya kumwagwa ni yuniti 168. Kichupa cha mililita 10 kina yuniti 1,000, na hata kibomba cha mililita 3 kina yuniti 300. Kinachookolewa kwa kurudishwa ndicho kitakachotupwa mwisho wa mwezi. Rai yangu ni ya kundi la pili, isipokuwa kwa yule ambaye daktari wake amemruhusu kuendelea na kibomba kimoja kwa miezi, na ambaye mfuko wake haumruhusu vinginevyo. Huyo arudishe, lakini taratibu, na atazame dawa yake kila siku kama ingali safi.

Yote hayo ni ya mkono. Liko la akili ambalo naliona kuwa ndilo kiini cha maudhui haya, na ambalo husemwa kwa uchache.

Taksiri ya kiputo ni ya upande mmoja: hupunguza dawa, haiizidishi. Mtu angeweza kusema basi, afadhali, kwa kuwa insulini iliyopungua huacha sukari juu kwa saa chache, na iliyozidi huweza kuua. Lakini fikiri mtu ambaye kila siku huvuta kwa haraka, na kila siku bomba lake lina kiputo cha thuluthi ya dozi. Sukari haishuki. Paka anaendelea kunywa maji kupita kiasi, kukojoa kupita kiasi, kukonda ilhali anakula, na huenda akaanza kutembea kwa vifundo vya miguu ya nyuma badala ya vidole, alama mojawapo ya kisukari kilichokwisha kumdhuru neva. Daktari, akiona hayo na akiamini kwamba yuniti moja ni yuniti moja, huongeza nusu, kisha nusu nyingine. Dozi iliyoandikwa sasa imejengwa juu ya hewa. Halafu siku moja anakuja ndugu wa nyumba mwenye mkono mtulivu, au bomba linatokea jema, kiputo hakipo, na paka anapata kwa mara ya kwanza kiasi chote kilichoandikwa. Sindano iliyokuwa sahihi kuliko zote ndiyo inayomwangusha.

Hatari hiyo huzidi kwa sababu kongosho la paka, tofauti na la mbwa, huweza kurejewa na nguvu. Kisukari cha paka aghalabu hufanana na kile cha watu wazima walionenepa, na kikitunzwa vema kwa dawa na chakula kisicho na wanga mwingi, wengine huacha kabisa kuhitaji sindano, katika wiki au miezi ya mwanzo. Katika muda huo haja hupungua bila kutoa habari, na dozi iliyokuwa ya kadiri jana huwa kubwa leo. Hitilafu za mkono zikiingia katikati hapo, hakuna awezaye kujua kilichobadilika ni mwili au ni bomba.

Kwa ajili hiyo naona kwamba tunachotafuta si bomba lisilo na chembe ya hewa, bali sindano ya leo ifanane na ya jana. Mkono mmoja, au mikono miwili iliyofundishwa namna moja. Bomba la aina moja, la mililita 0.3 lenye mistari ya nusu yuniti. Jicho moja lililo sawa na mstari, halitazami kutoka juu wala kutoka chini.

Na kiputo kikigunduliwa baada ya sindano kuchomolewa, au dawa ikionekana imelowesha manyoya badala ya kuingia ndani, asidungwe tena. Katazo hili halina rukhusa. Hujui ni kiasi gani kilichoingia, na ukiongeza kwa kukisia utakuwa umejitoa katika upungufu unaovumilika ukajitia katika ziada isiyovumilika. Ngoja saa ya dozi ijayo, ukipima sukari kama una kifaa. Paka aliyezidiwa na insulini hulegea, huyumba, hutetemeka, hujificha au hulilia chakula kwa pupa, na mwisho hushikwa na degedege. Anayeweza kula apewe chakula upesi. Asiyeweza apakwe asali kwenye ufizi, na hapo hapo apelekwe kwa daktari. Watu wetu wa pwani, waliolelewa katika hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula, hawahitaji kuelezwa kwamba mnyama aliye mikononi mwa mtu ni amana.

Liko kosa jingine ambalo mbele yake kiputo ni kitu cha kusamehewa, nalo ni kulivalisha bomba dawa isiyo yake. Insulini tangu ilipopatikana Toronto mwaka 1921 na kuanza kutumiwa kwa wagonjwa mwaka 1922 imepitia nguvu nyingi, 20, 40 na 80, hata mchanganyiko wake ukawa hatari, Marekani ikaanza kuhamia 100 katika miaka ya 1970, na Uingereza mwaka 1983. India ingali na vichupa vya 40. Mwenye paka wa Nairobi au Dar es Salaam anayenunua mabomba katika duka la dawa za binadamu aghalabu hupewa ya 100, yenye kifuniko cha rangi ya chungwa, huku kichupa cha dawa ya wanyama alichopewa na daktari huenda ni cha 40, ambacho bomba lake huwa na kifuniko chekundu. Akivuta ya 40 kwa bomba la 100 mpaka mstari wa yuniti moja, amempa paka yuniti 0.4. Akivuta ya 100 kwa bomba la 40 mpaka mstari huo huo, amempa yuniti 2.5, na hakuna kiputo kilichowahi kufanya dhara kama hilo.

Kalamu za insulini zimewaondolea wengi taabu ya kuvuta, lakini hazikuiondoa hewa. Sindano ikiachwa juu ya kalamu baada ya matumizi, dawa husinyaa kwa baridi ya jokofu na hewa ikaingia kwa tundu lile lile. Kiputo ndani ya kalamu hakipunguzi dawa kama ndani ya bomba. Huichelewesha, kwa kuwa hewa hubonyea, kisha ikatanuka polepole na kuisukuma dawa wakati ambapo mtu amekwisha kuichomoa. Ndiyo sababu huagizwa kupoteza yuniti mbili hewani kabla ya kila dozi, na kuiacha sindano ndani ya ngozi kwa sekunde kumi hivi, muda ambao paka wengi, tuseme kweli, hawautoi kwa hiari.

Lililobaki ni la daktari. Kabla hajaongeza yuniti juu ya dozi isiyofanya kazi, na amwambie mwenye paka avute dawa mbele yake, kwa kichupa chake mwenyewe na mabomba yake mwenyewe kutoka nyumbani, pamoja na vifuniko vyake, wala asitumie ya pale hospitalini. Kazi hiyo haimalizi dakika tano, na mara nyingi itatosha kueleza sukari ya mwezi mzima.